Waifai haivuki ukuta wa matumbawe: nilivyofikisha picha chumbani kwa nyanya

Magoti ya nyanya yangu hayaruhusu tena ngazi. Zamani tulikuwa tukikaa naye ukumbini chini kutazama tarawehe mubashara kutoka Makka, lakini mwaka huu ilibidi tumfungie televisheni chumbani kwake, juu, upande wa nyuma. Usiku wa kwanza wa Ramadhani picha iliganda rakaa ya pili, kikabaki kiduara kinazunguka katikati ya kioo. Nyanya akaniita: "Mjukuu wangu, mbona wamesimama?" Nilijiambia lazima nilimalize jambo hili kabla ya kumi la mwisho.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ule wa kati niliupima kwa futi pale mlangoni, nikapata sentimita 52. Dari ni ya boriti, na juu ya boriti kuna mawe na chokaa tena. Isitoshe, kuta za pwani hushika unyevu, na maji hunyonya mawimbi ya waifai. Ukiishi kwenye nyumba ya matofali membamba, kazi yako itakuwa nyepesi kuliko yangu, ila hatua ni zile zile.

Usinunue chochote kabla ya kupima. Kaa karibu na ruta, kile kifaa kinachorusha waifai nyumbani, fungua tovuti ya fast.com kwenye simu, andika kasi ya intaneti unayoiona. Kisha nenda kwenye chumba chenye shida, kaa pale televisheni ilipo, funga mlango kama unavyofungwa siku zote, pima tena. Pima saa ile ile inayokusumbua. Kwetu ni baada ya Isha, mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Tunalipia megabiti 20 kwa sekunde. Kando ya ruta nilipata 19, kitandani kwa nyanya 1.4. Hapo nikajua laini ni nzima na ugonjwa uko ndani ya nyumba. Kama hata kando ya ruta kasi ni mbovu, wapigie wanaokuuzia intaneti, kwa sababu hakuna kifaa cha ndani kitakachokusaidia.

Na ujue unatafuta kiasi gani. Netflix wanashauri megabiti 3 kwa picha ya 720p, 5 kwa 1080p iliyo kali zaidi, na 15 kwa 4K iliyo kali kuliko zote hizo. Kwa hiyo nyanya hakuhitaji zote 20. Alihitaji 5 zisizoyumba.

Kama una simu ya Android, weka programu ya kupima nguvu ya waifai. Itakupa namba hasi: -50 ni nzuri sana, -67 bado inatosha kwa video, ukifika -80 umekwisha. Kitandani kwa nyanya ilikuwa -84.

Nilianza na yale yasiyogharimu. Fundi aliyetuletea laini aliiweka ruta sakafuni, nyuma ya kabati, kwa kuwa ndipo waya ulipoingilia. Niliitoa, nikaipandisha juu ya rafu karibu na ngazi, mbali na friji na kioo kikubwa cha ukutani, maana chuma na vioo hurudisha mawimbi. Waya mwembamba wa faiba usiukunje, ndani ni glasi. Ukiwa mfupi, omba mrefu zaidi. Antena iliyosimama wima hutawanya mawimbi pembeni zaidi kuliko juu, kwa hiyo chumba kikiwa ghorofani, laza moja. Hayo peke yake yalinifikisha -76 na megabiti 4. Picha ikaja, lakini ikawa inakatika.

Halafu kuna suala la masafa. Ruta nyingi hutoa mawili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. La 5 lina kasi lakini huchoka mapema likikuta ukuta, la 2.4 hupenya zaidi, ila ndilo linalojaa msongamano. Kwetu nyumba zinagusana migongo, na nikiwa kitandani kwa nyanya nilihesabu mitandao 23 ya majirani. Masafa hayo yamegawanywa kwa njia ziitwazo chaneli, nazo huchaguliwa kwenye mipangilio ya ruta. Kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, ile yenye watu wachache, kwani hizo tatu haziingiliani. Oveni ya maikrowevu nayo huchafua masafa hayo hayo ikiwa inafanya kazi.

Sasa nikuepushe na hasara niliyoipata. Nilinunua kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi kinachorudia mawimbi, nikakichomeka chumbani kwa nyanya, kando ya televisheni. Simu ikaonyesha waifai imejaa, na picha ikaganda vile vile. Kifaa hicho husambaza kile kilichokipokea tu. Kikipokea mawimbi dhaifu, kitakupa udhaifu huo huo kwa sauti kubwa. Mahali pake ni katikati ya safari, pale mawimbi bado yana nguvu. Na cha masafa mamoja hutumia hewa ile ile kupokea na kutuma, kwa hiyo kasi hushuka kama nusu. Katika nyumba yetu katikati ya safari ni ule ukuta wa sentimita 52. Hata zile ruta ndogo zinazouzwa mbili au tatu pamoja, zikitegemea kuongea hewani, zitagongana na ukuta huo.

Kwa kuta kama hizi, dawa ni waya wa mtandao. Kutoboa sikutaka: Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na mawe ya matumbawe humomonyoka ovyo yakitobolewa. Nilipitisha waya kwenye ua: kutoka kwenye ruta, dirisha la ukumbini, juu kando ya bomba la maji, hadi kidirisha cha mbao cha nyanya. Jumla mita 18, na waya wa namna hii unaruhusiwa hadi mita 100. Nunua wa daraja la Cat6, wa shaba tupu. Kwaruza ncha kwa kisu, ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, urudishe. Wa nje uwe mweusi wa kustahimili jua, la sivyo ganda litapasuka. Kabla haujaingia dirishani, uache ulegee chini kidogo ili mvua idondokee hapo isiufuate ndani.

Ukifunga mwenyewe vichwa vya kuchomeka kwenye ncha za waya, rangi zipangwe hivi pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Upande wa nyanya niliweka ruta kuukuu iliyokuwa kabatini. Fungua ukurasa wa mipangilio yake kwa anwani iliyoandikwa chini ya ruta yenyewe. Ipe anwani isiyogongana na ya ruta kubwa. Yangu kubwa ni 192.168.1.1, hii nikaipa 192.168.1.2. Zima DHCP, kwa sababu kazi ya kugawa anwani ni ya ruta kubwa peke yake. Jina la waifai na nywila ziwe kama za chini, chaneli iwe tofauti. Kisha chomeka waya kwenye tundu la LAN, la vifaa vya ndani ya nyumba, usichomeke lile la WAN, la intaneti inayotoka nje. Hapa ndipo wengi hukwama.

Televisheni yenyewe niliiunga kwa waya mfupi kutoka kwenye ruta hiyo. Waifai ikabaki ya simu za wageni wake. Nilipima: 18.

Baada ya Isha nilikaa naye, simu mkononi, nikisubiri kiduara. Hakikuja mpaka witri. Asubuhi nikarudi uani na ngazi, nikabana waya kwa klipu kila nusu mita.