Namna ya Kukabili Kuhara Kunakosababishwa na Clostridioides difficile Wodini

Mgonjwa aliyelazwa akianza kuhara mara tatu au zaidi kwa siku moja, ilhali anatumia antibiotiki au aliitumia wiki chache zilizopita, muuguzi asiharakishe kulaumu chakula. Dawa hizo, hasa klindamaisini, siprofloksasini na jamii ya sefalosporini, huua pia bakteria wenye manufaa wanaoishi katika utumbo mpana, na hapo bakteria aitwaye Clostridioides difficile hupata nafasi ya kuzaana na kutoa sumu inayojeruhi ukuta wa utumbo.

Mtenge mgonjwa mapema, bila kusubiri majibu ya maabara, na umpatie choo chake peke yake. Wodi ikiwa imejaa, angalau awe na beseni lake la haja. Vaa glavu na aproni kila unapomhudumia. Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mikono: spora za bakteria huyu, yaani chembe zake zenye ganda gumu, hazifi kwa kitakasa mikono chenye spiriti, kwa hiyo ni lazima kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata baada ya kuvua glavu, na ndugu wanaomuuguza waelekezwe vivyo hivyo. Kitanda, vitasa na choo visafishwe kwanza kwa sabuni, kisha vipanguswe kwa Jik ya asilimia 3.5 iliyochanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji.

Sampuli ya kinyesi ipelekwe maabara ikiwa tu kinyesi ni chepesi, si kigumu. Daktari aulizwe kama antibiotiki iliyoleta tatizo inaweza kusimamishwa. Mara nyingi swali hilo husahaulika, nalo ndilo mwanzo wa tiba. Maji yaliyopotea yarudishwe kwa ORS au dripu, na loperamaidi, dawa ya kuzuia kuhara, iepukwe. Vankomaisini, antibiotiki inayotibu ugonjwa huu, miligramu 125 mara nne kwa siku kwa siku 10, hunywewa, kwa kuwa ikipitishwa kwenye mshipa haifiki utumboni kwa kiasi cha kutibu. Isipopatikana, metronidazo hutumika kwa ugonjwa usio mkali. Tumbo likivimba, presha ikishuka au kuhara kukikoma ghafla huku hali ikizorota, daktari wa upasuaji aitwe mara moja.

Kutengwa kuendelee hadi saa 48 baada ya kuhara kukoma. Hakuna haja ya kurudia kipimo kwa aliyepona, ila aelezwe kwamba kuhara kukirejea ndani ya wiki nane arudi hospitali, na asinunue antibiotiki dukani.