Jinsi ya kutazama filamu iliyotokana na mchezo wa nyimbo

Nafundisha vijana maigizo ya nyimbo huku Kirumba. Tukitazama filamu iliyotoka jukwaani, wengi hununa. Nawaelekeza hivi.

Anza kwa masikio. Laza simu kifudifudi, sikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho. Kwenye Les Misérables ya 2012 waigizaji waliimba palepale mbele ya kamera, wakisikia piano kwenye kidude cha sikioni. Okestra iliongezwa baadaye. Ndiyo maana pumzi na kwikwi zimo ndani ya wimbo.

Kisha angalia kamera. Hapa ndipo penye kidonda. Jukwaani jicho ni lako. Ngoma ikikolea kule Bujora, mimi humwacha manju nikatazama miguu ya mchezaji wa nyuma kabisa, vumbi likimpanda hadi magotini. Filamu inakuchagulia uso mmoja, mkubwa, na kundi zima linapotea. Tena mwimbaji akimaliza, picha inakatwa. Makofi yetu hayana pa kutua, na inauma kweli.

Basi uliza filamu imekulipa nini. Chicago ya 2002 ililipa: nyimbo nyingi zinachezwa ndani ya mawazo ya Roxie, mhusika mkuu, kitu ambacho kamera inakiweza sana.

Ukipata mchezo uliorekodiwa ukumbini wenyewe, kama Hamilton, uliorekodiwa 2016 na kutolewa 2020, usiutazame peke yako. Sisi tulitundika shuka jeupe ukutani, tukazima taa, na wanangu wakapiga makofi kila wimbo ulipoisha.