Jinsi ya Kueleza Namna Mguso Unavyogeuka Kuwa Msukumo wa Neva

Anza na kipokezi kimoja tu (sehemu ya mwili inayohisi kichocheo kama mguso, joto au mwanga), kwa maana anayejaribu kueleza milango yote ya fahamu kwa mkupuo huishia kutaja majina bila kuonyesha kazi. Kipokezi cha mguso kinafaa zaidi, kwani ngozi unayo na unaweza kuijaribu papo hapo.

Eleza kwanza hali ya utulivu: ndani ya neva kuna chaji hasi, takriban milivolti 70 chini ya nje. Ngozi inapobonyezwa, utando wa ncha ya neva huvutika, na protini iitwayo Piezo2, iliyo kama mlango ndani ya utando huo, hufunguka na kuruhusu ioni chanya (chembe zenye chaji chanya), zikiwemo za sodiamu, kuingia, hivyo tofauti ile ya umeme hupungua. Badiliko hilo huwa dogo au kubwa kulingana na mbonyezo, na linapofika kizingiti, yaani kiwango cha chini kinachohitajika, ndipo msukumo wa neva, yaani ishara ya umeme, huanza kusafiri kuelekea uti wa mgongo na ubongo.

Hapa wengi huteleza. Msukumo wenyewe haukui kwa sababu umebonyezwa kwa nguvu. Kinachoongezeka ni idadi ya misukumo kwa sekunde, jambo ambalo mwanafiziolojia Mwingereza Edgar Adrian alilionyesha miaka ya 1920. Kwa hiyo, katika mchoro wako, chora kila msukumo kama mstari, yote iwe na kimo kimoja, ila uisogeze karibu karibu pale mbonyezo unapozidi.

Kisha fanya jaribio. Kunja klipu ya karatasi hadi ncha zake mbili ziachane kwa milimita 5, mwambie mwenzako afumbe macho, halafu mguse kwa ncha zote mbili kwa wakati mmoja, polepole bila kuchoma. Kwenye ncha ya kidole kwa kawaida atahisi mbili. Mgongoni, ambako vipokezi vimetawanyika mbali mbali, atasema ni moja.

Ukihamia vipokezi vingine, badilisha mlango tu. TRPV1, protini iliyo mlango wa vipokezi vya joto kali, hufunguka kwenye joto la takriban nyuzi 43 za Selsiasi, na pia hufunguliwa na kemikali ya pilipili, ndiyo maana pilipili huunguza bila moto. Kwa jicho, hata hivyo, usinakili mchoro wa ngozi: mwanga hufunga milango ya seli pokezi badala ya kuifungua, na chaji ya ndani huzidi kuwa hasi.