Kabla hujapanda Usambara

Mbuga ya wanyama ina lango, ina ramani ukutani na mtu wa kukupokea. Usambara Magharibi haiko hivyo. Mandhari na urithi unaovifuata Lushoto, Mlalo au Mtae vimelala katikati ya mashamba ya watu, kwenye njia wanazopita watoto kwenda shule na pembeni ya makaburi ya ukoo. Misitu michache tu ndiyo yenye lango na tiketi. Kwa sababu hiyo maandalizi hayaishii kwenye begi. Unakwenda kutembea ndani ya makazi ya watu, na usipojua unapita wapi na kwa nani, utarudi Tanga na picha nzuri za mabonde ambayo huwezi kusimulia habari zake.

Anza na majira, kwa sababu ndiyo yanayoamua mengine yote. Upepo wa bahari unapofika kwenye milima hii hulazimika kupanda, hupoa, na kumwaga maji yake. Ndiyo maana Usambara Mashariki, upande wa Amani juu ya Muheza, ni mbichi na yenye unyevu karibu mwaka mzima, ilhali ukifika pembe ya mbali kaskazini-magharibi, kule Mtae na Mambo, unakuta nchi kavu zaidi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, sikushauri upande kama huna ulazima. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ina kilomita 33 tu, lakini imechongwa ubavuni mwa mlima juu ya korongo, na mvua kubwa ikinyesha mawe na udongo huporomoka hadi njia ikafungwa. Barabara za udongo zinazopanda kutoka Lushoto kwenda vijijini huwa utelezi mtupu, na bodaboda anayekuambia atakufikisha salama anasema hivyo kwa sababu anahitaji nauli. Vuli, mwishoni mwa mwaka, ni nyepesi zaidi ila nayo ina siku zake.

Juni hadi Agosti njia ni kavu na kutembea ni raha, lakini hapo ndipo baridi inapowashangaza watu wa pwani. Mombo iko chini kwenye joto lile lile la Korogwe. Lushoto iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Usambara Magharibi vinapita mita 2,200. Unaweza kula chakula cha mchana Mombo ukiwa umelowa jasho, na usiku huo huo ukalala Magamba chini ya mablanketi mawili. Beba sweta nzito, soksi za kulalia, kofia ya kufunika masikio na koti la mvua lisilopitisha maji. Khanga mbili ni bora kuliko taulo moja kubwa, maana unajifunika nazo, unakalia, na ukiingia kijijini unajitanda. Mwenye pumu asiondoke bila dawa yake. Ukungu wa alfajiri huku si wa mchezo.

Ukungu huo una neno jingine la kukuambia: usipange siku moja. Watu wengi hupanda Jumamosi asubuhi, huenda moja kwa moja Irente, hukuta weupe mtupu mbele yao, hupiga picha na ubao, wakashuka. Pale Irente jabali linakatika ghafla, na karibu mita 1,000 chini yako unaona Mazinde, mashamba ya mkonge, barabara kuu, na nyika inayokwenda hadi macho yachoke. Lakini mlima ndio unaoamua lini ufungue pazia. Mara nyingi ukungu huondoka jua likipanda, au jioni kabla halijazama. Lala angalau usiku mbili. Kama unakusudia kwenda Mtae, ambako siku ya hewa safi unaiona milima ya Pare, Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi na hata Kilimanjaro kwa mbali, ongeza siku, kwa sababu Mtae peke yake inakula siku nzima ya safari.

Sasa jambo ambalo wasafiri wengi hawaliandai kabisa, nalo kwangu ndilo kubwa: habari za wenyeji. Urithi wa Usambara hauna vibao vingi. Ukipita Vuga, karibu na Soni, bila kujua lolote, utaona kijiji cha mlimani kama vingine, migomba na mabati. Ukijua, utajua umesimama kwenye makao makuu ya Wakilindi, ukoo wa kifalme uliowatawala Wasambaa.

Simulizi za Wasambaa zinamtaja Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu baada ya kukataliwa na ndugu zake, kwa kuwa alihesabiwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Alipanda Usambara na mbwa wake, akagawa nyama, akaua simba, na watu wa milimani wakamfanya mfalme wao. Wajukuu zake waliitwa kwa heshima Simba Mwene, na kazi yao haikuwa vita na kodi tu: mfalme ndiye aliyetazamiwa kuiponya nchi na kuleta mvua. Chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, utawala wa Vuga uliteremka hadi pwani yetu hii, kati ya Pangani na Tanga. Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alipanda kumtembelea mwaka 1848 na akarudi tena 1852. Baada ya Kimweri kufa, nyumba ilipasuka. Mwanawe Semboja alikaa chini Mazinde, penye njia ya misafara, akapata bunduki na utajiri wa biashara, na Vuga ya juu ikapoteza nguvu zake.

Kaa na habari hizo kichwani halafu usimame Irente. Mazinde unayoiona chini si kituo cha basi tena. Unaona mlima na nyika vilivyogombana, na unaelewa kwa nini wazee walipenda kukaa juu, mbali na homa za tambarare. Ndiyo maana nasema, kabla ya kununua buti, tafuta mzee wa Kisambaa hapo hapo Tanga mjini, na wapo wengi, umwombe akusimulie. Kila ukoo una namna yake ya kumsimulia Mbegha.

Tabaka la Wajerumani lipo pia, ulitazame kwa macho makavu. Lushoto waliiita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, wakaifanya mahali pa kukimbilia joto la pwani. Reli iliyoanzia Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905. Juu, Shume, walikata mierezi na kuiteremsha kwa waya hadi Mkumbara ili ipakiwe kwenye treni. Wamisionari wa Kilutheri walifika Mlalo mwaka 1891, na Mlalo hadi leo ni mji wa kutazamwa polepole kwa nyumba zake za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao. Halafu wakaja Waingereza na matuta. Kuanzia miaka ya 1940 waliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na watu wakapinga kwa sababu kazi ilikuwa nzito na ilikuwa ya amri. Ukiona leo matuta yaliyopangwa vizuri shambani kwa mtu, usiseme tu “pazuri”; muulize ameyachimba lini na kwa nini. Utapata mazungumzo ya nusu saa.

Misitu nayo inataka maandalizi yake. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, misitu iliyodumu kwa muda mrefu sana hata ikazaa viumbe visivyopatikana kwingine. Lile ua dogo la zambarau linalofugwa madirishani Ulaya na Marekani lilichukuliwa Tanga mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya, na likapewa jina lake, Saintpaulia. Porini linaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, na halihitaji kung'olewa na wewe. Kinyonga vilevile: tazama, piga picha, mwache. Akija kijana na kinyonga kwenye kijiti anataka umlipe, mkatalie kwa upole, maana ukimlipa kesho atakamata watatu. Hifadhi ya Magamba na ile ya Amani zinasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Viingilio vinalipwa kwa namba ya malipo, kwa hiyo hakikisha una salio kwenye simu, na uwe na kitambulisho, kwa sababu mkazi na mgeni hawalipi sawa. Siafu wapo. Chomeka suruali ndani ya soksi.

Kuhusu usafiri, mabasi ya Lushoto yanatoka stendi ya Kange, Tanga mjini, na kupita Muheza, Segera, Korogwe na Mombo. Ondoka asubuhi, upande mlima mchana. Kwa vijiji vya mbali, kama Mtae, magari ni machache, na yanayoshuka huondoka alfajiri sana, giza bado. Uliza siku moja kabla, umuulize kondakta mwenyewe, na uache namba yako. Mwenye gari dogo la chini aishie Lushoto na Irente. Huko juu atafute gari lililoinuka au apande basi na wenzake.

Chukua mwenyeji wa kukuongoza hata kama wewe ni Mtanzania na unajiona huhitaji. Njia za mlimani zinagawanyika kila hatua, nyingi zinaishia jikoni kwa mtu, na mwenyeji ndiye anayejua kilima kipi ni cha matambiko na hakipandwi hovyo. Patana bei kabla ya kutembea: siku nzima au nusu, chakula chake nani analipa, kiingilio cha msitu kimo au hakimo. Mlipe vizuri. Anachokuuzia ni elimu ya babu zake.

Adabu ni ile tuliyolelewa nayo, ila tusiisahau kwa kuwa tuko likizo. Wakubwa wape shikamoo. Asubuhi ukimsalimu mama aliyebeba kuni kwa Kisambaa, “onga maundo”, uso wake utafunguka, na akikupa njia mwambie “hongea”, yaani asante. Vijiji vingi ni vya Kiislamu. Kaptula ya ufukweni iache Raskazone. Ramadhani usile wala kunywa njiani mbele za watu. Makaburi usiyapige picha, na mtu yeyote umwombe kwanza. Ukikuta msiba, simama na utoe pole, hata kama mwongozaji wako ana haraka.

Fedha toa Lushoto mjini, ukazivunje ziwe noti ndogo, maana kijijini noti ya elfu kumi kwa chai ya asubuhi ni usumbufu. Mtandao wa simu hupotea mabondeni. Mwambie mtu nyumbani unalala wapi. Mbu hupungua kadiri unavyopanda, lakini utapita na pengine kulala Mombo, basi usidharau chandarua, na ukipata homa wiki chache baada ya kurudi kapime malaria. Maji ya chemchemi yanavutia kwa ubaridi wake. Yachemshe hata hivyo, juu ya kila chemchemi kuna mashamba.

Chakula hakitakusumbua. Maharage, viazi, mboga mbichi, na ukibahatika bada, ugali wa muhogo. Shamba la Irente lina mkate, jibini na jamu. Siku za gulio zinapishana kutoka mji hadi mji, kwa hiyo ulizia mapema na upange matembezi yako yaangukie siku hiyo, kwani gulio la mlimani ndipo unapowaona watu wa vijiji vyote kwa pamoja, na habari za Mbegha utazisikia hapo kuliko mahali popote. Peasi, plamu na karoti za kupeleka nyumbani usizinunue siku ya kwanza ukaanza kuzibeba milimani. Nunua siku ya kushuka, Soni, gari likisimama. Chagua yaliyo magumu kidogo, yapange kwenye tenga lenye majani makavu, na ukae nalo miguuni. Juu ya keria, kona za Mombo zitayafanya uji.