Unaumwaumwa asubuhi: uende kazini kwa baiskeli au uiache?

Hapa Dar, kutoka Kimara kwenda Kariakoo asubuhi, baiskeli ni kama inajiendesha: mteremko mpaka Ubungo, upepo usoni, na hata mwenye mwili mzito hujiona mzima. Jioni ndipo kile kilima kinapodai chake, nawe umeshashinda kutwa nzima na joto. Kwa hiyo mimi huwa sijiulizi kama nitafika kazini. Najiuliza kama nitaweza kurudi. Naamua hivi:

Hatua ya 1: Hesabu mapigo ukiwa bado kitandani. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha mara 2. Fanya hivyo wiki nzima ukiwa mzima ili ujue kiwango chako. Changu ni 60. Nikikuta 70 na usiku nililala vizuri, najua mwili unapambana na kitu, hata kama bado hakuna kinachouma.

Hatua ya 2: Pima joto kabla ya kumeza chochote. Panadol hushusha homa, ugonjwa ukabaki palepale. Kipimajoto cha kwapani kikisoma 37.5 au zaidi, baiskeli inabaki ndani. Hapa sina mjadala. Homa peke yake inaukimbiza moyo. Ukiongeza kukanyaga pedali kwenye jua la Dar unazidi kukaukiwa maji, na vipo virusi vinavyoshambulia hata misuli ya moyo. Tena huku kwetu homa inapimwa malaria siku hiyohiyo. Usikisie.

Hatua ya 3: Angalia ugonjwa umekaa wapi. Kama ni shingoni kwenda juu, yaani mafua mepesi, chafya, koo linalowasha kidogo, unaweza kwenda mwendo wa pole. Kikohozi cha kifuani, pumzi kubana, viungo kuuma, kutapika au kuharisha: usiende. Kizunguzungu kiko kichwani, ndiyo, lakini nakiweka kundi hilihili.

Niliwahi kulipuuza hili. Nilitoka na maumivu ya viungo nikasema yataisha njiani. Jioni, nikikaribia Ubungo, daladala ikasimama ghafla mbele yangu. Niliiona vizuri kabisa. Vidole vilikuwa tayari juu ya breki, ila vilichelewa kubana, na tairi la mbele likagonga bampa. Sikuumia. Nilikaa pembeni ya barabara mikono inatetemeka, na usiku ule kipimo kikaonyesha malaria. Tangu hapo, viungo vikiuma napanda basi la mwendokasi.

Hatua ya 4: Kumbuka ulimeza nini jana usiku. Piriton na dawa nyingi za mafua huleta usingizi, na uzito wake unaweza kukufuata mpaka asubuhi. Kati ya malori na bodaboda, huo usingizi ni hatari kuliko mafua yenyewe.

Hatua ya 5: Jaribu dakika 10 mtaani kwako. Zunguka kabla ya kuingia Barabara ya Morogoro, gia nyepesi. Mwili ukichangamka, endelea. Ukiona miguu inazidi kulegea au jasho baridi linakutoka, geuza. Usijiambie "nimeshavaa, basi niende tu". Beba maji, na nauli ya kurudia iwe mfukoni kabla hujatoka.

Hatua ya 6: Ukipona, rudi kidogo kidogo. Dozi ya dawa mseto ya malaria ni siku 3, lakini kumaliza dawa hakurudishi nguvu siku hiyohiyo. Mimi husubiri mapigo yarudi kwenye 60 kwa asubuhi mbili mfululizo. Siku ya kwanza nashuka na baiskeli, jioni naifunga mnyororo pale kwa mlinzi, naye huwa ameshanielewa, narudi nyumbani kwa basi. Kesho yake naamkia kwenye basi, na jioni ndipo nakipanda kilima, taratibu, nikisimama kituo cha Kibo kunywa maji.