Somo: Kugeuza kitenzi cha Kihispania kwa nyakati (comprar, vender, subir)

Anayejifunza Kihispania hapa Lubumbashi huwa na lugha mbili kichwani kabla ya hiyo ya tatu kuingia: Kifaransa cha shule na Kiswahili cha nyumbani. Kwa upande wa maneno, Kifaransa kinabeba mzigo mkubwa. Vender ni vendre, hakuna cha kukariri. Kwa nyakati za kitenzi hali ni nyingine. Mahali pengi ambapo Kifaransa kinachanganya, Kiswahili tayari kimetenganisha. Kwa hiyo hapa kila wakati wa Kihispania utawekwa kando ya kiambishi cha Kiswahili kinachofanana nao.

Vitenzi vya mfano ni vitatu: comprar (nunua), vender (uza) na subir (panda, hata bei ikipanda ni subir, kama kwetu). Escribir na abrir tumeviacha makusudi ingawa vitabu vingi vinavipenda. Vinafuata kanuni karibu kila mahali, halafu kwenye hatua ya sita vinakugeuka: escrito, abierto.

HATUA YA 1: Kata mkia

Kitenzi cha Kihispania kinaishia kwa -ar, -er au -ir. Ondoa herufi hizo mbili, unabaki na shina: compr-, vend-, sub-. Shina la kitenzi cha kawaida halibadiliki katika nafsi yoyote. Likibadilika sauti (pensar ikawa pienso), ujue umetoka nje ya somo hili.

Tofauti na Kiswahili ni mahali pa kubandika. Sisi tunabandika mbele: ni-li-nunua, nafsi kwanza, kisha wakati, kisha shina. Mhispania anabandika nyuma, na nafsi na wakati vinakaa pamoja katika mkia mmoja: compr-é. Ile -é peke yake inasema «mimi» na «ilishapita».

Ndiyo maana yo, tú, él havihitajiki kila mara. «Ninanunua» inatosha, «mimi ninanunua» ni ya kusisitiza. Compro ni vilevile. Mtu aliyezoea je ya Kifaransa hujaza yo katika kila sentensi, na msikilizaji anadhani unagombana naye.

HATUA YA 2: Wakati uliopo (-na-, hu-)

Mpangilio ni: mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao.

comprar: compro, compras, compra, compramos, compráis, compran
vender: vendo, vendes, vende, vendemos, vendéis, venden
subir: subo, subes, sube, subimos, subís, suben

Vender na subir zinaachana kwenye «sisi» na «ninyi» tu. Compro inabeba «ninanunua» na pia ile «ninanunuaka» ya kwetu, yaani desturi. Ukitaka kusema tendo linaendelea dakika hii hii, tumia estoy comprando, estoy vendiendo, estoy subiendo.

Usted, yaani «wewe» ya heshima, inachukua umbo la «yeye»: usted compra. Kifaransa kimekuzoesha vous ya wingi, kwa hiyo mkono utataka kuandika usted compráis. Uzuie.

HATUA YA 3: Uliopita uliokamilika (-li-)

comprar: compré, compraste, compró, compramos, comprasteis, compraron
vender: vendí, vendiste, vendió, vendimos, vendisteis, vendieron
subir: subí, subiste, subió, subimos, subisteis, subieron

Ayer compré carbón: jana nilinunua makala (makaa). Subió el precio: bei ilipanda.

Hapa tukae kidogo, maana makosa mengi ya watu wa kwetu yanazaliwa kwenye mkazo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kihispania kinafanya hivyohivyo kwa neno lolote linaloishia kwa irabu, n au s, isipokuwa alama iseme vinginevyo. Basi COMpro, VENden na comPRAbas vinatoka vyenyewe mdomoni. Lakini comPRÓ ina alama, na mkazo uko mwisho. Ukiisoma Kiswahili-Kiswahili unasema compro, na sentensi «alinunua» inageuka «ninanunua». Mwenye sikio la Kifaransa anakosea upande wa pili: anasukuma kila mkazo mwisho, na compro yake inasikika compró.

Fanya zoezi hili kwa sauti kabla ya kuendelea, mara kumi kila jozi:

compro / compró
compre / compré
comprara / comprará

Ya kwanza ni ninanunua na alinunua. Ya pili ni anunue na nilinunua. Ya tatu tutafika.

HATUA YA 4: Uliopita unaoendelea au wa desturi (-likuwa -ki-, -likuwa -na-)

comprar: compraba, comprabas, compraba, comprábamos, comprabais, compraban
vender: vendía, vendías, vendía, vendíamos, vendíais, vendían
subir: subía, subías, subía, subíamos, subíais, subían

Kipimo chake ni rahisi: sentensi yako ya Kiswahili ikiwa na «alikuwa ananunuaka», au «alikuwa akinunua», andika compraba. Mi madre compraba harina en Kasumbalesa: mama alikuwa ananunuaka unga Kasumbalesa. Imparfait ya Kifaransa nayo inakubali hapa, kwa hiyo hatua hii ni nyepesi. Tena katika Kihispania kizima ni vitenzi vitatu tu vinavyovunja kanuni ya wakati huu: ser, ir na ver.

Angalia mambo mawili. La kwanza, «mimi» na «yeye» vina umbo moja, kwa hiyo hapa yo inarudi kazini pale ambapo msikilizaji anaweza kuchanganyikiwa: Yo vendía tomates cuando llegó mi hermana. La pili, ni b, si v. Mhispania anazitamka herufi hizo mbili sawa, kwa hiyo sikio halitakusaidia. Comprava ni kosa la maandishi.

HATUA YA 5: Ujao (-ta-) na sharti (-nge-)

Hapa usikate mkia. Chukua comprar nzima, bandika -é, -ás, -á, -emos, -éis, -án: compraré, comprarás, comprará, compraremos, compraréis, comprarán. Vendré si «nitauza». Nitauza ni venderé, kwa sababu -er haikatwi. (Vendré ipo, lakini ni «nitakuja», ya kitenzi venir. Kosa hili linaleta kicheko mezani.)

Kwa sharti bandika -ía, -ías, -ía, -íamos, -íais, -ían: compraría, ningenunua. Mikia hii na ile ya ujao ni sawa kwa vitenzi vyote, -ar, -er na -ir.

Katika mazungumzo watu hutumia sana voy a comprar. Hiyo a katikati ni lazima. Je vais acheter haina kitu katikati, ndiyo maana tunaisahau.

HATUA YA 6: Timilifu (-me-)

he, has, ha, hemos, habéis, han + comprado / vendido / subido

He comprado: nimenunua. Badilisha he kuwa había na una nilikuwa nimenunua. Weka habré na una nitakuwa nimenunua. Ukikijua Kiswahili hicho, umeshamaliza nyakati tatu kwa pigo moja.

Mitego yote ya hatua hii inatoka kwa Kifaransa. Il est monté inatumia être. Kihispania hakina mchezo huo, ni ha subido, kwa haber tu (he, has, ha ni maumbo yake). Kifaransa kinaongeza e na s kwenye achetées. Kihispania baada ya haber kinaacha -o palepale: las camisas que he comprado. Na kati ya he na comprado haingii neno: ya he comprado, wala si he ya comprado.

HATUA YA 7: Dhamira tegemezi (ununue, usinunue)

Watu wanaiogopa bure. Kiswahili kinageuza -a ya mwisho kuwa -e: unanunua, nataka ununue. Kihispania kwa vitenzi vya -ar kinafanya kitu kilekile: compras, quiero que compres.

compre, compres, compre, compremos, compréis, compren

Vya -er na -ir vinafanya kinyume, vinachukua -a: venda, vendas, venda, vendamos, vendáis, vendan, suba, subas, suba, subamos, subáis, suban.

Na kama vile «usinunue» ilivyo na ile -e, katazo la Kihispania pia linatumia umbo hili: no compres, no vendas, no subas. Amri ya kukubali kwa tú ni compra, vende, sube.

Umbo lake la zamani linatoka kwenye «wao» ya hatua ya 3. Compraron, toa -ron, weka -ra: comprara, compraras, comprara, compráramos, comprarais, compraran. Vendieron inatoa vendiera, subieron inatoa subiera. Sasa unaona kwa nini jozi ya tatu ya zoezi la mkazo ilikuwepo.

Kwa mazoezi chukua vitenzi hivi, vyote vinatii: hablar, trabajar, cocinar, lavar, comer, beber, aprender, vivir, recibir, decidir. Kimoja kwa siku, nafsi sita, nyakati tano, maumbo thelathini kwa mkono kwenye daftari. Programu za simu zinakupa chaguo la kugusa, na kugusa hakufundishi alama ya mkazo.

MASWALI YA WANACHAMA (kila anayeuliza ametajwa kwa komini yake ya Lubumbashi)

Katuba: Mwalimu, compramos naiona katika uliopo na tena katika uliopita. Ni kosa la chapa?

Jibu: Si kosa, ndugu. «Sisi» ya -ar na -ir ni moja katika nyakati hizo mbili: compramos, subimos. Ya -er ndiyo inayotengana: vendemos tunauza, vendimos tuliuza. Sentensi yenyewe inaamua. Ukiwa na ayer au la semana pasada hakuna utata.

Kamalondo: Niliandika Ayer he comprado pan, wakanikatia. J'ai acheté du pain hier si ni sawa?

Jibu: Ni sawa kwa Kifaransa, maana j'ai acheté inabeba «nilinunua» na «nimenunua» zote mbili. Kihispania kinazitenga. Ayer ni siku iliyofungwa, kwa hiyo Ayer compré pan. He comprado inakaa vizuri na hoy, esta semana, este año, muda ambao bado haujaisha. Hiyo ni kwa Hispania hasa. Sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini watakuambia Hoy compré pan na hakuna atakayekusahihisha.

Kenya: Yaya, «ningenunua hapa ningelipa kidogo». Nimeweka Si compraría aquí, pagaría menos.

Jibu: Hapo ni Kiswahili kilichokuponza, mdogo wangu, si Kifaransa. Sisi tunaweka -nge- pande zote mbili. Kihispania kinaweka -ría upande wa matokeo tu. Upande wa si unataka comprara: Si comprara aquí, pagaría menos. Na usikimbilie imparfait ya si j'achetais. Si compraba haifai kwa sentensi hii.

Kenya tena: Na comprase niliyoiona kitabuni?

Jibu: Ni pacha wa comprara. Andika -ra, itambue -se ukiisoma.

Ruashi: Buscar inatoa busqué, pagar inatoa pagué, cruzar inatoa crucé. Mbona vitenzi hivi vinaitwa vya kawaida?

Jibu: Sauti haijabadilika, ni mavazi tu. C mbele ya e ingesomeka vingine, ndiyo maana inavaa qu ili ibaki k. G inaongezewa u ili ibaki ngumu. Z mbele ya e huandikwa c. Inatokea kwenye «mimi» ya uliopita na kwenye dhamira yote: busque, pague, cruce. Kwingine hakuna tatizo: compraste, vilevile buscaste.

Kampemba: Ile vosotros (compráis, comprasteis) nijifunze au niache? Mama mmoja aliyeishi Argentina anasema hajawahi kuitumia.

Jibu: Mama anasema kweli. Amerika ya Kilatini wanasema ustedes na umbo la «wao»: ustedes compran. Huko Argentina hata tú hawaitumii sana, wana vos: vos comprás, vos vendés, vos subís. Vosotros ni ya Hispania. Kama kitabu chako kimechapwa Hispania, utaikuta kila ukurasa, basi ijue kwa macho. Kwa kusema, chagua ustedes, inaeleweka kote.

Annexe: Kwenye simu ninaandika comprarà, alama inalala upande mwingine. Inabadilisha maana?

Jibu: Haibadilishi maana, ila haipo. Kihispania kina alama moja tu ya mkazo, inayopanda kuelekea kulia: á, é, í, ó, ú. À na è ni za Kifaransa. Kwenye simu shikilia herufi a bila kuachia mpaka orodha itokee, uchague á. Kwenye kibodi ya Kifaransa ya kompyuta é ina kitufe chake, á haina. Ongeza kibodi ya Kihispania kwenye mipangilio. Usiandike bila alama ukidhani utaeleweka: compro mas caro bila alama hazisemi ni nani aliyelipa.