Somo: Kabla ya kukaa na mtu anayetaka muungane biashara

Jambo yenu ndugu na dada wa Lubumbashi. Mwezi huu watu watatu wameniuliza kitu kimoja: mtu anataka tuungane, tumepanga kuonana, niende na nini? Najibu kwa biashara ninayoijua, unga wa mahindi unaotoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Wewe wa simenti au nguo, badilisha mzigo tu.

Hatua ya 1: Hesabu yako kwanza

Kaa na daftari jioni moja. Unga wetu una fedha tatu: unanunuliwa kwa kwacha, unauzwa kwa franga, akiba inawekwa kwa dola. Mgeni akikuuliza mfuko mmoja unakuachia ngapi, nawe ukataja franga bila kukumbuka siku ile dola ilikuwa inabadilishwaje, mzoefu ameshakusoma. Chukua mizigo mitatu ya mwisho, siyo ule mmoja uliokuneemesha. Toa kamiyo (lori), ushuru, wapakiaji, mifuko iliyochanika, na yale madeni ambayo moyoni unajua hayalipwi. Kinachobaki andika kwa dola. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Halafu andika unamhitaji kwa kitu gani. Depo, yaani ghala? Kamiyo? Wateja? Kama ni makuta (hela) tu, huenda unachotafuta ni mkopo. Mkopo ukiulipa umekwisha. Mshirika utakuwa naye hata mwaka wa faida.

Hatua ya 2: Mtafute kwenye karatasi, kisha mtaani

Mtumie namba yako ya RCCM, yaani ya daftari la serikali la wafanyabiashara, uombe na yake. Ndani ya namba hiyo kuna herufi: A ni mtu binafsi, B ni kampuni. Akikuambia "kampuni yetu" na herufi ni A, kampuni hiyo ni yeye mwenyewe. Si kosa, lakini ujue. Ikiwa ni B, uliza nani ana haki ya kusaini.

Karatasi hazitoshi. Nenda kwenye depo yake asubuhi kamiyo zikishushwa, nunua mfuko mmoja kama mteja yeyote, piga gumzo na wapakiaji. Wale wanajua nani analipa na nani anasema "kesho". Mimi niliruka hatua hii. Mtu alinionyesha depo imejaa hadi bati, nikafurahi. Miezi minne baadaye nikajua mifuko ilikuwa ya mwingine, yeye alikuwa amepanga kona tu pale.

Hatua ya 3: Mahali

Mjini, asubuhi, mahali pa kusikilizana. Siyo kwenye bia. Kati ya Novemba na Aprili usipange alasiri, mvua itakufanya ufike umelowa na umechelewa. Aliyealika analipa vinywaji.

Hatua ya 4: Maswali matatu

La kwanza: "Mwaka 2024, Zambia ilipopatwa na ukame, wewe ulifanya nini?" Hapa nyamaza, umwache aongee. Akisema hakuguswa, ama hakuwa kwenye unga, ama anakuficha. Akisema alifunga, akauza maharagwe, akabaki na deni la mtu fulani na amelilipa hadi hapa, huyo msogezee kiti karibu.

La pili: "Hela hizi ni zako peke yako?" Kuna hela za likelemba (mchango wa kupeana zamu), za kaka, za mke. Wote hao watakuwa washirika wako bila kukaa mezani.

La tatu: "Ulipoachana na mwenzako wa zamani, mligawanaje?" Sikiliza anavyomtaja mwenzake. Siku moja atakutaja wewe vilevile.

Na wewe jiandae kujibu hayo hayo.

Hatua ya 5: Usianze siku hiyo

Watu wengi huagana kwa "basi tujaribu mzigo mmoja". Kongo imo katika sheria za OHADA, sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, tangu tarehe 12 Septemba 2012, na sheria hizo zinaangalia matendo. Mkichanga pamoja na kugawana faida na hasara kama washirika, bila kampuni kuandikishwa, hakimu anaweza kusema mlikuwa na kampuni tayari, na kila mmoja akadaiwa madeni yote hadi mali yake mwenyewe. Kama ni lazima kujaribu, uzianeni tu: mmoja anauza, mwingine ananunua, fakitire (hati ya mauzo) iandikwe.

Maswali ya wanachama

Mama wa Katuba: Yaya, aksanti sana. Lakini ule mutu ni shemeji yangu. Nikimuomba RCCM si ataona namudharau?

Jibu: Ndiyo maana nimesema tanguliza yako, mama. Ukishampa karatasi zako, naye kukupa zake ni heshima. Akikasirika, afadhali ugomvi wa karatasi leo kuliko wa deni kwenye matanga mwakani, familia nzima ikisikiliza.

Kijana wa Ruashi: Mimi niko na meza ya soko tu, RCCM sina. Niende?

Jibu: Nenda, mdogo wangu, na useme hivyo hivyo kabla hajauliza. Beba daftari na fakitire zako za miezi sita. Ukiwa tayari, Guichet Unique, ofisi ya serikali ya kuandikisha biashara, inashughulikia RCCM, namba ya utambulisho wa taifa na namba ya kodi pamoja.

Papa wa Kampemba: Mutu wangu ameniambia nije na dola 500 za kuonyesha nia. Zinarudi kama hatukupatana.

Jibu: Papa, ziache nyumbani. Mwambie akuuzie mifuko ya dola 500, uibebe siku hiyo hiyo na fakitire.

Papa wa Kampemba: Nimemwambia. Anasema depo imefungwa, wanahesabu mali mpaka wiki ijayo.

Jibu: Basi wiki ijayo pita pale asubuhi, bila kumpigia simu.